Kabla ya Kufunga Begi la Safari



Wasomaji wetu watukufu, ni nadra siku hizi kuikuta nyumba ya pwani yetu isiyokuwa na msafiri. Huyu aenda umra, yule yuko Dubai kikazi, na mwengine arejea likizo kutoka masomoni Marekani. Juma hili twapenda kuzungumza juu ya kitu kidogo chenye umbo la kalamu, ambacho mzazi aweza kukiona begini mwa mwanawe asikitambue: sigara ya umeme iliyotiwa mafuta ya bangi. Haina majivu wala kiberiti, na kwa hiyo wengi huidharau.

Kisa cha Brittney Griner, mwanamke mashuhuri wa Marekani katika mpira wa kikapu, chatosha kuwa funzo. Mwezi wa Februari 2022 aliwasili uwanja wa ndege wa Sheremetyevo, Moscow, na wakaguzi wakakuta mizigoni mwake vichupa vya mafuta hayo. Uzito wake haukutimia hata gramu 1. Alieleza mahakamani kwamba alifunga mizigo kwa haraka na hakukusudia kuvunja sheria. Udhuru huo haukumfaa. Mwezi wa Agosti alihukumiwa kifungo cha miaka 9, akatoka Disemba baada ya Marekani na Urusi kubadilishana wafungwa. Nasi tujiulize: mwana wa mvuvi wa Lamu, au wa mama muuza mahamri wa Mombasa, ni dola gani itakayomkomboa namna hiyo?

Vijana wengi hupotezwa na kanuni wasiyoielewa. Tangu 2015, kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zakataza sigara za umeme kutiwa katika mizigo iingiayo tumboni mwa ndege, kwa kuwa betri yake yaweza kushika moto mahali pasipo na mtu wa kuuzima. Abiria huambiwa aishike mwenyewe, asiivute wala kuichaji ndani ya ndege. Basi kijana husema, "Nimeruhusiwa." Ruhusa hiyo ni ya betri, haihusu mafuta yaliyomo.

Hali kadhalika, majimbo kadhaa ya Marekani, California ikiwa mojawapo, yameruhusu bangi kuuzwa dukani, ingawa sheria ya serikali kuu ya nchi hiyo ingali yaikataza. Lakini risiti ya duka la California haina nguvu Nairobi wala Jeddah. Kwetu Kenya, sheria ya mwaka 1994 yakataza kuwa na bangi. Na Saudia, mwenye kuingiza dawa za kulevya aweza kuhukumiwa kifo. Mja hulipwa kwa nia yake mbele ya Mola, lakini mkaguzi haoni nia. Aona kilichomo begini.

Akina mama, aghlabu nyinyi ndio mfungao masanduku ya nyumba. Mama aendaye umra kwa begi aliloazima kwa mwanawe, alikung'ute kwanza, atie mkono katika kila mfuko. Akiletewa kifurushi na jirani, "nibebee tu hiki," akifungue mbele ya mwenyewe na akitazame. Kisichofunguka kisibebwe, kukataa huko si kuvunja udugu.

Na kijana aliye ng'ambo aulizwe kwa simu kabla hajafika uwanja wa ndege, tena kwa sauti ya upole. Anayeogopa kukemewa hukificha kitu ndani zaidi, na huenda akakificha katika sanduku la mamake. Tukishamwepusha na hatari ya safari, tutakaa naye nyumbani tumzungumzie juu ya ulevi wenyewe, ambao dini yetu imeuharamisha kwa sura zake zote.

Mola awahifadhi wasafiri wetu, waende kwa salama na warudi kwa salama. Amin.