Si kila kasoro ya kipimo cha moyo ni ugonjwa

KIPIMO cha umeme wa moyo, maarufu kama ECG, ni rahisi kufanywa. Nyaya hubandikwa kifuani, mikononi na miguuni, na baada ya dakika chache karatasi yenye mistari hutoka. Ugumu huanzia katika kuisoma, hasa pale mwenye moyo hana dalili yoyote ya maradhi.

Kwa mkazi wa Isiolo, kuambiwa kwamba "kuna kasoro kidogo" si jambo dogo. Wengi wa madaktari bingwa wa moyo nchini wako Nairobi, karibu kilomita 280 kutoka mjini humo. Mfugaji wa Merti au Garbatulla huenda akalazimika kuuza mbuzi kadhaa apate nauli na ada ya vipimo, kisha aelezwe kwamba moyo wake ni mzima.

Mapigo yaliyo chini ya 60 kwa dakika ni ya kawaida kwa mtu mkakamavu aliyezoea kutembea masafa marefu. Pigo moja la ziada, au umeme kuchelewa kidogo upande wa kulia wa moyo, mara nyingi hakuhitaji tiba. Aidha, kuna mwinuko wa mstari unaoonekana kwa vijana wengi wenye asili ya Afrika walio na afya njema. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 kuhusu wanariadha uliuhesabu kuwa wa kawaida.

Ni kwa sababu ya hofu na gharama zisizo na faida ambapo jopo la wataalamu wa Marekani, mwaka 2018, lilishauri watu wazima wasio na dalili na walio katika hatari ndogo wasipimwe ECG.

Hata hivyo, kupuuza nako ni hatari. Mwanasoka wa Cameroon, Marc-Vivien Foé, alianguka uwanjani na kufariki mjini Lyon mwaka 2003. Uchunguzi ulionyesha misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa. Anayezirai akifanya kazi, anayeishiwa na pumzi, au aliyepoteza jamaa kijana kwa kifo cha ghafla, hapaswi kuambiwa arudi nyumbani kabla ya moyo wake kupigwa picha.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban Mkenya mmoja kati ya wanne walio watu wazima alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa. Kipimo hicho ni cha bei nafuu na hufanyika hata katika zahanati. Busara ni kuanzia hapo, kabla ya kuuza mbuzi.