Kufungiwa Chakula Ulicholipia: Haya Hii Yatoka Wapi?

Jumamosi mbili zilizopita nilikuwa mwenyeji. Binti ami yangu, anayeishi Toronto mwaka wa kumi na tano sasa, alikuwa amekuja kuwasalimu wazee, nami nikaona si vizuri aondoke bila ya kumtoa akale. Tulikuwa watu sita katika hoteli moja ya mjini Mombasa, hizi hoteli zetu za kawaida za biriani na pilau, na nikaagiza kama anavyoagiza mtu mwenye mgeni: sinia la biriani ya mbuzi, kuku wa kupaka, samaki wa kukaanga, na chapati juu yake. Watoto walishiba maji ya ukwaju kabla chakula hakijafika. Tulipomaliza, karibu nusu ya sinia ilikuwa haijaguswa.

Kijana akaja kuondoa vyombo. Binti ami akamwambia kwa sauti ya kawaida, wala hakunong'ona, "Mwanangu, hiki nifungie."

Nakiri, jambo la kwanza nililofanya ni kutazama meza ya jirani. Alikuwa ameketi mzee wa mtaani kwetu pamoja na wakweze, nami nikahisi uso unapata moto. Nikasema haraka, "Acha, dada, nyumbani kuna chakula." Akanitazama kama mtu aliyesikia neno geni. "Si umekilipia?"

Nilikuwa nimekilipia, shilingi 4,850 pamoja na vinywaji. Tukafungiwa ndani ya kontena mbili za foili na mfuko wa khaki, na kontena zile nikatozwa shilingi 40. Nilitoka hotelini mfuko nimeushika upande wa ukutani.

Tangu siku hiyo najiuliza haya ile ilitoka wapi, kwa sababu ya dini si yake. Dini yetu inakataza israfu katika kula na kunywa, na Mtume (SAW) alituhimiza tusafishe sahani, kwani hatujui baraka imo katika sehemu gani ya chakula. Ya lugha pia si yake. Kiswahili kina majina ya chakula kilichobaki na kila jina lina daraja yake. Makombo ni mabaki ya sahani ya mtu, yaliyokwisha kupitiwa na mkono na mdomo wake. Hayo ni ya kuku na paka. Masazo ni kile kilichozidi, kilichosalia chunguni au siniani watu wakiwa wameshiba. Masazo yakilala yakaliwa asubuhi huwa bariyo, au mwiku, au kiporo, kulingana na ulikozaliwa. Sijui nyumba ya Mswahili inayoona haya kula bariyo. Mbaazi za jana kwa mahamri ya leo, nani hazitaki? Tena tukiisifu karamu twasema watu walikula wakasaza. Kusaza kwenyewe ni sifa ya mwenyeji.

Lakini tukishaingia hotelini, masazo yote twayageuza makombo. Hata sinia la watu sita. Na tangu chuoni tulifundishwa mtu ale cha mbele yake, asipeleke mkono katikati. Mkilifuata hilo, lile rundo la katikati ya sinia halikuguswa na yeyote. Ni masazo, safi kabisa, na ndilo linalomwagwa.

Na si dogo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake yako hapa Kenya, Gigiri, lilitoa ripoti mwaka 2024 likisema kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Ni karibu sehemu moja katika kila tano ya chakula kilichowafikia wanunuzi. Asilimia 60 ilitoka majumbani mwetu, kwa hivyo tusiwasingizie wenye hoteli peke yao. Lakini asilimia 28 ilitoka kwa wauzaji wa chakula kilichopikwa, na hapo ndipo nataka tubaki leo.

Nilidhani Wamarekani, ambao binti ami amejifunza tabia zao kwa ujirani, hawakujua haya hii. Kumbe walikuwa nayo. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto na nyama ikiuzwa kwa mgao, mikahawa ya San Francisco ilianza kuwapa wateja vifurushi vya mabaki wawapelekee wanyama wao wa nyumbani. Jina la mfuko wa mbwa likaenea, na likatumiwa hata na wasiofuga mbwa. Mtu mzima alimsingizia mnyama ili apate kula nyama yake kesho. (Sisi kisingizio cha mbwa kisingetufaa. Lamu wangesema ni cha paka, na wangeaminiwa.) Polepole mbwa akasahauliwa, kontena likabaki, na leo mhudumu wa huko hukuuliza mwenyewe kama ungependa kufungiwa.

Ila tusikimbilie kuwasifu. Kufungiwa kumekuwa rahisi kwao pia kwa sababu sahani zao zimekuwa kubwa kupita kiasi. Tangu miaka ya 1970 vipimo vya mikahawa ya Marekani vimekuwa vikipanda, na sababu ni ya kibiashara: kwao gharama nzito ni mishahara na kodi ya jengo, chakula chenyewe si kingi katika hesabu hiyo. Kuongeza konzi ya chipsi hakumgharimu muuzaji kitu, lakini kunampa sababu ya kupandisha bei. McDonald's walikuja kuondoa kile kipimo chao kikubwa, "Super Size", mwaka 2004, kelele za unene zilipozidi. Kwa hiyo kontena la Mmarekani mara nyingi ni plasta juu ya kidonda alichojitia mwenye mkahawa.

Huko Ulaya wameingia kwa mlango wa sheria. Ufaransa, ambako kuomba kufungiwa kulihesabiwa kukosa adabu mezani, tangu Julai 1, 2021 mkahawa unalazimika kuwa na chombo cha kumpa mteja anayetaka kubeba kilichobaki. Uhispania walifuata kwa sheria ya Aprili 2025: mteja apewe nafasi ya kubeba bila kuongezwa gharama, isipokuwa palipo na bufee. Sheria nzuri, lakini sheria humlazimisha mwenye mkahawa kuwa na kontena. Haiwezi kumfungua mteja mdomo aliombe.

Kwangu mimi wanaotufanana zaidi ni Wachina. Kwao pia sahani zikibaki tupu, mwenyeji ameadhirika; maana yake hakuwashibisha wageni. Kula na kusaza kwao ni heshima kama kwetu. Mwaka 2013 kukaanza kampeni ya kuwahimiza watu wamalize sahani, mwaka 2020 Rais Xi Jinping mwenyewe akalikemea jambo hili, na chama cha wenye mikahawa mjini Wuhan kikaja na kanuni ya kuagiza pungufu ya idadi ya walaji: watu kumi, waagize vyakula aina tisa. Aprili 29, 2021 ikapitishwa sheria kamili. Mkahawa unaruhusiwa kumtoza ada mteja anayeacha chakula kupita kiasi, na mkahawa unaomshawishi mteja aagize kupindukia huonywa, na ukikaidi hupigwa faini ya hadi yuan 10,000.

Kumtoza mteja, hapana. Nawaza kijana wa hoteli zetu akimpelekea bili ya masazo mzee aliyetoka kumwozesha binti yake. Patawaka moto. Lakini ile sehemu ya kumwajibisha muuzaji nimeipenda. Siku ile hapana aliyetwambia kwamba sinia moja lingetutosha. Kinyume chake, tuliulizwa kama tuongezewe kuku.

Wajapani wana neno lao, mottainai, lenye kubeba majuto ya kuona kitu cha thamani kikipotea bure. Aliyelizungusha duniani ni Mkenya mwenzetu, marehemu Wangari Maathai, aliyelisikia alipozuru Japan mwaka 2005, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel. Ajabu ni kwamba Japan hiyohiyo mikahawa mingi husita kumfungia mteja, kwa kuogopa chakula kitamdhuru njiani na lawama iwarudie.

Woga huo una msingi, na kwa joto letu una msingi zaidi. Wali ukikaa nje huota vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa, na sumu vinayotoa haiondoki kwa kupashwa moto. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Wali wa nazi hata haungoji mwanasayansi, kila mpishi wa huku ajua unavyochacha. Basi ukifungiwa nenda nyumbani. Si ufungiwe saa saba ya mchana, upitie sokoni, upitie kwa shangazi, ufike magharibi ukakile.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Mwana wa dada yangu alifanya kazi jikoni katika hoteli moja ya kitalii ya pwani ya kusini. Chakula cha huko ni bufee: mgeni ameshalipia kila kitu, anajaza sahani tatu, anadonoa, anainuka. Usiku mmoja askari wa getini alimpekua kijana akamkuta na mikate minne na vipande vya kuku, vilivyokuwa vimeondolewa mezani na kungoja kumwagwa. Alifutwa kazi asubuhi yake. Pipa la mabaki la hoteli hiyo, alivyotueleza, lilikuwa likichukuliwa na mfuga nguruwe. Nguruwe walikuwa na haki katika kuku yule, yeye hakuwa nayo.

Niwe mwadilifu. Diploma yangu ni ya mambo ya hoteli, na darasani tulifundishwa sababu ya kanuni hiyo: jikoni likiruhusiwa kubeba kinachobaki, litapika ili kibaki. Na mfanyakazi akiugua kwa chakula alichobeba, hoteli ndiyo itakayoulizwa. Sababu hizo si za uongo. Lakini zina dawa. Marekani wana sheria tangu mwaka 1996 inayomkinga na kesi mtu anayetoa sadaka ya chakula kwa nia njema. Italia walipitisha ya namna hiyo mwaka 2003 wakaiongezea nguvu mwaka 2016. Mwaka huohuo wa 2016 Ufaransa ikazipiga marufuku supamaketi kubwa kuharibu chakula kisichouzwa, zikatakiwa kuandikiana mkataba na wanaogawa misaada. Kwa hoteli, ni meneja kuandika kilichobaki, kutia saini, na kukitoa kwa utaratibu kabla hakijaharibika, iwe kwa wafanyakazi au kwa nyumba ya mayatima iliyo karibu. Mwezi wa Ramadhani, na hizi bufee za futari zilivyoshamiri mjini, haja hiyo huonekana wazi zaidi. Watu hufunga kutwa kisha humwaga sambusa kwa ndoo.

Wenye uwezo wa kulianza hili hawako mbali. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya kuzipa leseni na kuzisimamia biashara zinazouza chakula kwa umma. Kinga ya kesi labda itataka Bunge la Nairobi, lakini kaunti za Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu zinaweza, wakati wa kutoa leseni kila mwaka, kuitaka hoteli iwe na mambo mawili: nusu sahani kwa nusu bei, au karibu na hapo, na kontena kwa anayeomba. Tusiseme plastiki imekatazwa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Agosti 28, 2017 na hoteli hazikufungwa. Khaki ipo, foili ipo. Na wale kina mama wanaokwenda harusini na bakuli ndani ya mkoba, ambao tumewacheka miaka nenda miaka rudi, huenda ndio waliotutangulia.

La kontena naliona ni la pili. La kwanza ni hiyo nusu. Kwetu mchele, mafuta na nyama ndio mzigo wa mwenye hoteli, kwa hiyo sahani kubwa isiyoliwa ni hasara ya wote wawili: mteja amelipia asichokila na mpishi amepika cha pipa. Vibanda vya chipsi wanakuuzia kwa kipimo unachotaka, mama wa mbaazi anakuuliza za shilingi ngapi. Ukipanda ngazi ukaingia hoteli yenye menyu, kipimo kinakuwa kimoja, kwa bibi wa miaka sabini na kwa mbeba mizigo wa bandarini.

Biriani ile tuliila Jumapili mchana, watu wanne, na binti ami akasafiri Jumanne. Wiki hii nimerudi hoteli ileile peke yangu. Nikamwomba yule kijana pilau nusu sahani. "Nusu hakuna, ami," akanijibu, "ni sahani moja tu." Nikamwambia alete hiyo moja, na kontena aje nalo mapema.