Nyanya zinanyauka? Angalia mbolea kabla ya dawa

Ndugu mkulima wa Kabanga, nyanya zikianza kunyauka wengi wetu hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu. Maoni yangu ni kwamba fedha hiyo mara nyingi inapotea bure. Anza kwa kuangalia mizizi.

Huenda umesikia kwamba chumvi kwenye udongo huleta magonjwa. Ni kweli, lakini udongo wa chumvi ni tatizo la maeneo makavu yanayomwagiliwa, kama skimu za ukanda wa chini wa Kilimanjaro. Huko maji hupanda, hukauka juani na kuacha chumvi juu. Ngara mvua zetu huisafisha. Shida yetu kubwa ni tindikali.

Hata hivyo, ipo chumvi tunayoiweka wenyewe. Mbolea nyingi za dukani ni chumvi au hutenda kama chumvi. Ukirundika urea au CAN kwenye shina, hasa udongo ukiwa mkavu, mbolea hiyo hunyonya maji kutoka kwenye mizizi na kuiunguza. Samadi mbichi ya kuku nayo huunguza. Mzizi ulioungua ni mlango wazi: bakteria wa mnyauko na fangasi wa kuoza mizizi huingia bila hodi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua dawa, fanya hivi:

1. Kata shina la mche unaonyauka, karibu na ardhi, ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Dawa ya ukungu haitibu. Ng'oa mche, uchome moto, na usihamishe udongo wake kwa jembe.

2. Msimu ujao panda mahindi hapo. Usipande viazi mviringo, bilinganya wala pilipili. Ni ndugu wa nyanya.

3. Weka mbolea kwa kizibo cha soda, kimoja kwa mche, ukizungushia umbali wa kiganja kutoka shinani, udongo ukiwa na unyevu. Samadi iozeshwe kwanza.

4. Pima udongo. Kama pH iko chini ya 5.5, weka chokaa ya kilimo kabla ya kupanda.

Mbolea ni chakula. Lakini hata chakula kikizidi chumvi hakiliki.