Kabla ya Kwenda Ng'ambo, Tengeneza Karatasi



Sisi wa Meru na Embu tumezoea kazi ya mbali, maana reli yetu ya zamani ilikomea Nanyuki. Wazee wetu walitumika Mombasa, Kisumu, hata Kampala na Tabora. Siku hizi wengine wakistaafu huenda kukaa na watoto wao Uingereza au Marekani. Hatuwakatazi. Lakini twauliza: karatasi zao ziko sawa?

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli moja iligawanywa nchi tatu. Mapatano ya mwaka 1984 yaliiachia kila serikali kulipa pensheni za raia wake. Fundisho ni hili: jasho halina ulimi, husemewa na karatasi.

Basi jina lako liwe moja katika kitambulisho, benki na barua ya kustaafu. Mwenye M' huku na asiye na M' kule ni watu wawili mbele ya karani. Akaunti iwe yako mwenyewe, si ya mtoto. Ukitakiwa cheti cha kuonyesha kwamba u hai, kipeleke kwa wakati. Ulizia ubalozi wetu. Tena bima ya SHA, iliyoshika nafasi ya NHIF mwaka 2024, haimlipi daktari wako wa kila siku ng'ambo. Jua mapema nani atalipa.

Pensheni si sadaka, ni mshahara wetu uliowekwa. Mwenye shaka aje ofisi ya tawi na karatasi zake, angali hapa.