Kabla ya kiatu cha farasi, tazameni jembe

Kwetu Kanda ya Ziwa viatu vya farasi ni nadra mno. Mbung'o waliwamaliza farasi, na punda wa Usukuma hutembea kwato tupu. Anayezunguka na detekta ya dhahabu huko Geita akiokota chuma kilichopinda, awaze kwanza jembe la Warongo. Hao ndio waliokuwa wakiyeyusha na kufua chuma kusini-magharibi mwa ziwa, na Wasukuma walipata majembe kwao, ya kulimia na ya mahari pia. Jembe hilo lina bapa pana na mkia mwembamba wa kuchomeka kwenye mpini. Donge jeusi lenye vitundu kando yake msilitupe: ni mavi ya chuma, dalili kwamba palikuwa na tanuru.

Sarafu ndizo zinazotia watu wazimu. Ile ya Mjerumani ya heller 20 yenye herufi T na mwaka 1916 si dhahabu. Ilitengenezwa Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa shaba. Ya dhahabu ni ya rupia 15, ina tembo. Na anayekunong'oneza stendi kuwa ana "rupia ya Mjerumani" yenye maajabu, huyo ni tapeli, mpishe.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inadai kibali cha kuchimba. Na ukikutana na kitu, usikisugue kwa msasa. Andika mahali ulipokiona, kisha waulize Makumbusho ya Bujora, pale Kisesa.