Aliyeshindwa Apewe Pa Kwenda

Mwaka 2010 jimbo la Shinyanga Mjini liliamuliwa kwa kura moja. Stephen Masele wa CCM alitangazwa mshindi dhidi ya Philip Shelembi wa CHADEMA, na kilichowatenganisha ni karatasi moja tu. Kura moja ni mtu mmoja aliyedamka, au mmoja aliyeshindwa kutoka kitandani kwa homa. Hata hivyo sheria haikumwacha mtu gizani: asiyeridhika na matokeo ya ubunge ana Mahakama Kuu, ana jaji, na anaweza kuomba kura zihesabiwe upya.

Urais hauna nafasi hiyo. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha hapahapa nchini, iliamua katika shauri la Jebra Kambole kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Uchaguzi wa 2020 ukapita, wa 2025 ukafika, ibara ikiwa palepale.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, tuliona matunda ya katazo hilo. Tundu Lissu wa CHADEMA alikuwa mahabusu kwa shitaka la uhaini, chama chake kikiwa nje ya kinyang'anyiro. Luhaga Mpina, mbunge wa miaka mingi wa Kisesa, kwa jirani zetu wa Simiyu, aliondolewa kwenye orodha ya wagombea urais. Vijana wakaingia barabarani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Mbeya. Vituo vya polisi vikachomwa, intaneti ikazimwa, risasi zikalia. Novemba 1 Tume ikamtangaza Rais Samia Suluhu Hassan mshindi kwa asilimia 97.66 ya kura. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema inaamini waliouawa ni mamia, na mwezi huohuo ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Tuseme bila kumung'unya maneno. Anayechoma kituo cha polisi au ofisi ya umma kwa hasira ya kura anatenda kosa, na hasira yake, hata ikiwa ya haki, haimfutii kosa hilo. Askari anayemfyatulia risasi mtu asiye na silaha anatenda kosa kubwa zaidi, kwa sababu yeye alikula kiapo na bunduki aliyoishika ni ya umma.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua kinachotokea watu wanapokata tamaa na vyombo vya haki, maana sungusungu walizaliwa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Kahama na Shinyanga walichoka na wezi wa ng'ombe waliokamatwa leo na kuonekana mnadani wiki ijayo. Wakachagua watemi wao, wakashika pinde na mishale, yowe la mwano likipigwa kila mwanamume anatoka. Wizi ukapungua, viongozi wa nchi wakawasifu, na baadaye sheria ikawatambua. Lakini baraza lile la chini ya mti halikuwa na wakili wala rufaa. Wezi walipokwisha, katika vijiji kadhaa zamu ikawa ya waliotuhumiwa uchawi. Na nani asiyejua, mkoani kwetu, mtuhumiwa wa uchawi huwa ni nani? Ni bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe. Anayeshangilia leo umma kujichukulia hukumu akawaulize wajukuu wa mabibi hao.

Wapo watakaotuambia kwamba mahakama hazizuii fujo, na watatutajia Washington. Ni kweli, Januari 6, 2021 wafuasi wa Donald Trump walivunja madirisha ya Bunge la Marekani ingawa kesi zaidi ya 60 zilikuwa zimefunguliwa kupinga matokeo. Lakini hilo ndilo lililowahukumu: walisikilizwa, wakashindwa, ndipo wakashika marungu. Hawakuwa na kisingizio. Makamu wa Rais Mike Pence, mtu wa chama chao, alikataa kuzipindua kura, na Bunge lilirudi ukumbini usiku uleule likamaliza kazi. Kwa majirani zetu Wakenya, 2007 aliyeshindwa alisema haziamini mahakama, na zaidi ya watu 1,000 wakafa. Septemba 1, 2017 Jaji Mkuu David Maraga na wenzake walifuta uchaguzi wa rais. Kenya haijawa pepo kwa ajili hiyo. Juni 25, 2024 waandamanaji waliingia hadi ndani ya Bunge lao kwa sababu ya muswada wa fedha. Lakini ugomvi wa urais sasa una jengo unakopelekwa.

Hapa kwetu, wajibu wa kwanza ni wa msimamizi wa uchaguzi jimboni. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema wakurugenzi wa halmashauri, wateule wa Rais, wasisimamie uchaguzi. Mahakama ya Rufani ikatengua miezi michache baadaye, na sheria ya 2024 ikaacha nafasi kwa watumishi wa umma waandamizi. Basi mtumishi anayekubali kazi hiyo ajue siku ile hana bosi. Kwenye soko la dhahabu la Geita mzani hutazamwa na muuzaji na mnunuzi pamoja. Kura nazo zihesabiwe mbele ya mawakala wote, na kila mmoja aondoke na nakala ya fomu yake. Anayemfukuza wakala kituoni ndiye anayemkabidhi kijana jiwe.

Polisi nao wana wajibu wa kueleza kila risasi ilikotoka na ilikoishia, na familia zinazotafuta ndugu zao zijibiwe.

Lakini deni kubwa ni la wabunge. Kubadili Ibara ya 41 kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, na chama kimoja kina karibu viti vyote Dodoma, kwa hiyo asije mtu kutuambia kura hazitoshi. Waliotumwa na Kahama, Msalala, Bukombe, Chato na Geita huzungumza vizuri sana kuhusu barabara na ushuru wa huduma kutoka migodini. Muswada wa kufuta katazo hili hauzidi ukurasa mmoja, na tunataka kujua ni nani kati yao atakayesimama kuuomba.