Turubai la Mama Eldas: Adui ni Jua Kabla ya Mvua

Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Nimeukumbuka usemi huo baada ya kusoma barua ya mwanafunzi mmoja wa chuo hapa Nairobi, kijana ambaye wazazi wake ni wafugaji katika eneo la Eldas, Kaunti ya Wajir. Barua yake haikuhusu karo wala mapenzi, mambo ambayo aghalabu huijaza meza hii. Aliuliza swali moja tu: nimnunulie mama turubai gani?

Huenda msomaji wa mjini akacheka. Turubai ni turubai, atasema. Ingia dukani, chagua rangi, lipa, ondoka. Hivyo ndivyo alivyofanya kaka mkubwa wa kijana huyu mnamo Januari 2023. Alinunua turubai jembamba la buluu, linalong'aa kama kioo, akalituma nyumbani. Wakati huo ukame ulikuwa umekwisha kukomba mifugo, kwani tangu mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilikuwa imepita mfululizo bila mvua ya kutosha. Mama alishukuru, akalitandika juu ya nyumba yake, nalo likakaa huko miezi kumi.

Novemba ya mwaka huo huo mvua za El Niño ziliteremka kwa fujo katika Wajir, Mandera na Garissa. Turubai lilipasuka usiku wa kwanza. Ndani alikuwamo dada ya kijana huyu, aliyekuwa amejifungua siku tisa tu zilizopita. Unga uliloa, moto ukazimika, na mtoto mchanga akakesha akipokezanwa mikononi, amezungushiwa kila nguo iliyokuwa bado kavu. Alipatwa na homa, ila Mungu alimjalia akapona. Mwezi mmoja baadaye mbuzi mmoja alivimba tumbo akafa. Walipompasua walikuta fumba la nyuzi za buluu. Lilikuwa ni lile turubai.

Kijana sasa ameweka akiba kutokana na vibarua vya likizo. Fedha zake zatosha turubai moja tu, na hataki kurudia kosa la kaka yake. Kwa kuwa najua wako wengi mjini wanaotuma vitu nyumbani kama yeye, nimeona nijibu hapa ili sote tufaidike.

Kwanza tuifahamu nyumba yenyewe. Nyumba ya mfugaji wa Kisomali, inayoitwa aqal, ni ya fito zilizopindwa zikafungwa pamoja hadi zikawa kama bakuli lililofudikizwa. Juu yake hutandikwa mikeka minene iliyosukwa kwa nyuzi za magome ya miti na kwa nyasi. Kazi yote hiyo ni ya akina mama. Msichana anapokaribia kuolewa, mama yake na jamaa zake husuka mikeka ya nyumba yake, na nyumba ikisimama huwa ni mali ya mke. Malisho yakiisha, nyumba hufunguliwa, ikapakiwa juu ya ngamia, ikahamishwa. Kwa hiyo kila kilo unayoiongeza juu ya nyumba hiyo, mnyama ataibeba na mama ataipakia.

Mikeka hiyo ina hekima yake. Huzuia jua, hupitisha upepo, na mvua ikianza nyuzi hulowa, zikafura na kuziba. Lakini mvua ya siku nyingi huishinda. Tena kusuka mikeka mipya huchukua miezi, na ukame mkali huwaacha akina mama bila muda wala malighafi. Ndiyo sababu turubai limeingia katika manyata nyingi za Kaskazini Mashariki.

Sasa tuje kwenye kosa la kaka mtu. Yeye alinunua turubai akiwaza mvua. Wajir hupata kiasi cha milimita 300 tu za mvua katika mwaka wa wastani, tena kwa misimu miwili mifupi. Siku zilizobaki ni jua. Miale mikali ya jua, ile isiyoonekana kwa macho, huvunjavunja plastiki kidogo kidogo hadi ikakauka na kubambuka kama magamba ya samaki. Turubai la Eldas halingojei mvua ili liharibike. Jua huliua mapema, na mvua huja tu kuutangaza msiba. Basi jambo la kwanza la kumwuliza mwuzaji si kama turubai linavuja, kwa maana hata mfuko wa plastiki hauvuji siku ya kwanza. Mwulize kama limetiwa dawa ya kukinga jua, na kama linaweza kukaa nje mwaka mzima.

Madukani utakuta aina tatu. Ya kwanza ni turubai la pamba, lile la mahema ya zamani. Hilo hupumua, halina joto, na huzibika kwa kiraka cha sindano na uzi. Ubaya wake ni uzito, ambao huzidi sana likilowa. Likikunjwa bichi huoza, na mchwa hulipenda. Ya pili ni turubai nene la malori, lenye utando wa plastiki juu ya kitambaa kigumu. Ni imara sana, lakini kipande cha mita 4 kwa 6 chaweza kuzidi kilo 12, na chini yake joto la mchana halivumiliki. Ya tatu ni turubai la plastiki iliyofumwa, likapakwa utando pande zote mbili. Hilo ndilo linalofaa nyumba inayohama. Kaka mtu alinunua la aina hiyo hiyo, lakini la daraja ya chini kabisa.

Utajuaje daraja? Usitazame kung'aa, chukua mizani. Mashirika ya misaada, likiwamo Shirika la Msalaba Mwekundu, hutumia maturubai ya kiasi cha gramu 200 kwa kila mita mraba. Hesabu yake ni rahisi, hata mwana wa darasa la sita ataiweza. Turubai la mita 4 kwa 6 lina mita mraba 24. Zidisha kwa gramu 200, upate gramu 4,800, yaani karibu kilo tano. Mwombe mwenye duka aliweke kwenye mizani. Likiwa na kilo mbili na nusu, ujue umepewa nusu ya turubai, hata likiwa na urefu na upana ulioandikwa kwenye karatasi.

Kisha lifungue, uliinue kuelekea kwenye mwanga. Ukiona vitundu vya nuru kama nyota, liache. Paka kucha yako kwenye utando. Ukibanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, liache. Kagua pindo. Pindo zuri limekunjwa na kutiwa kamba ndani, na matundu yake ya kufungia yana pete za chuma zilizokaza, zisizopishana mbali. Upepo hauanzi kulipasua turubai katikati, huanza kwenye tundu bovu. Kuhusu rangi, chagua nyeupe au ya fedha upande wa juu, kwani hurudisha joto. Nyeusi au buluu iliyokolea hulinyonya.

Jambo linalofuata ni kipimo, na hapa wengi hukosea. Kijana aliniandikia kwamba nyumba ya mama ina upana wa mita tatu, hivyo alifikiri turubai la mita tatu kwa tatu lingetosha. La, hasha! Nyumba ya duara haipimwi sakafuni. Chukua kamba, iweke ncha moja chini, ipitishe juu ya paa hadi iguse ardhi upande wa pili. Nyumba ya upana wa mita tatu, yenye kimo kinachokaribia mita mbili, huhitaji zaidi ya mita tano za kamba. Ongeza sehemu ya kukandamizwa kwa mawe, umefika mita sita.

Je, anunue basi mita sita kwa sita aifunike nyumba nzima? Hapo nasema asifanye hivyo, na nitaeleza kwa mfano wa mbali kidogo.

Neno turubai tumelitoa kwa Waingereza, nao walilitoa baharini, ambako mabaharia wa zamani walipaka lami kitambaa ili kisipenyeze maji. Sasa mwulize mwenye mashua huko Lamu jinsi chombo kinavyotunzwa kikiwa nchi kavu. Atakuambia kwamba jua hukausha mbao zikasinyaa na viungo vikafunguka, na maji ya mvua yakituama ndani huozesha. Kwa hiyo chombo hutaka kivuli. Lakini ukikifunga gubigubi kwa plastiki, unyevu ulio ndani hukosa pa kutokea, na kuoza huanzia huko huko chini ya funiko. Funiko zuri humwaga maji nje na bado huacha upepo upite chini yake.

Nyumba ya mama ni vivyo hivyo, tena yeye yumo ndani na anapika humo. Plastiki ikiizunguka nyumba hadi chini, moshi hukosa njia, na pumzi za watu hugeuka matone usiku na kuwadondokea waliolala. Kifua cha mtoto mchanga hakitaki mambo hayo. Mita nne kwa sita zitafunika paa na pande mbili. Pande nyingine zibaki na mikeka, hewa iingie. Mikeka ibaki pia chini ya turubai, kwanza ipunguze joto, pili izuie ncha za fito zisilitoboe. Penye ncha kali pafungwe vitambaa vikuukuu. Turubai lisiguse mahali pa moto, kwa sababu plastiki hushika moto upesi na hudondoka ikiwaka.

Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi huvuma kwa nguvu nchi ile. Turubai lililolegea hujipigapiga mchana kutwa, na kujipiga huko hulichakaza haraka. Lifungwe likakaza. Tundu likikatika, usitoboe jingine kwa kisu. Chukua kokoto laini ya mviringo, iweke chini ya turubai, ulikusanye turubai juu yake kama unayefunga fundo la leso, kisha funga kamba shingoni mwa kokoto. Hapo huna tundu na una kishikio imara. Msimu wa kiangazi ukianza na hakuna dalili ya mvua, turubai livuliwe, likaushwe, likunjwe na kuwekwa kivulini, mikeka ifanye kazi yake. Kila mwezi linaokaa kivulini ni mwezi umeuongezea uhai wake.

Na siku litakapochakaa, lisitupwe nje. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Agosti 28, 2017, lakini turubai kuukuu halimo katika marufuku hayo, na mbuzi hajui sheria. Akimeza nyuzi hazisagiki wala hazitoki. Likatwe lingali zima, lifunike kuni au magunia, na mabaki yafukiwe mbali na malisho.

Hayo yote nilimwandikia yule kijana. Mwisho nikamwambia kwamba kabla ya kutoa hata shilingi, ampigie mama simu amwulize. Barua yake ilionyesha kwamba yeye na kaka yake walikuwa wameshauriana mara nyingi, lakini mwenye nyumba hakuna aliyemwuliza.

Majibu yamenifika wiki hii. Alimpigia kupitia simu ya duka mjini Eldas, siku mama alipokuja kuuza maziwa. Anasema alianza, "Hooyo, nataka nikuletee turubai kubwa lifunike nyumba yote." Mama akacheka. "Nyumba yote kwa nini? Utanipika? Niletee la juu tu. Na lisiwe zito, yule ngamia mkubwa alikufa kwenye ukame, aliyebaki ni mdogo."

Kijana hakuwa na habari kwamba ngamia mkubwa alikufa. Mama hakutaka kumsumbua katika masomo, akanyamaza.

Msomaji mpendwa, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi wa mjini twapenda kutuma, na ni vyema tutume. Lakini unaponunua kitu cha kumfunika mzazi wako, mizani ya dukani ikishakupa uzito wa turubai, mwulize mama uzito atakaouweza. Kijana ameniambia amekwisha kulinunua huko Eastleigh, jeupe, la mita nne kwa sita. Alilipima. Lilikuwa kilo tano kasoro kidogo, na juma hili linasafiri kwa basi kupitia Garissa, kabla mvua hazijaanza.